SOMO: Kumsimamisha mgonjwa wa kiharusi cha shina la ubongo

Swali la jinsi ya kumsimamisha mgonjwa huyu bila kuanguka nimelijibu hadi nimechoka, jibu nalibandika hapa. Shina la ubongo, sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo, ndilo linaloongoza presha, mapigo ya moyo, jasho, hata kumeza. Mzee wangu mkono umerudi, lakini presha yake haijui kama kalala au kasimama: akisimama inashuka.

1. Alale dakika 5, pima presha, andika.
2. Aketi ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo.
3. Asimame ukiwa umemshika. Hapa ndipo nilipoharibu. Tunakaa Mabatini, Mwanza, mlimani, choo kiko nje, chini ya ngazi za mawe. Alfajiri kabanwa mkojo, nikamnyanyua moja kwa moja. Ngazi ya pili akasema "giza", shavu la kushoto linatiririka jasho, la kulia kavu, akaniangukia. Nami nikamkalisha kitini nimpepee! Kosa juu ya kosa. MLAZE chali, inua miguu. USIMNYWESHE maji, yataingia mapafuni. Asipozinduka upesi, au ukiona udhaifu mpya, hospitali. Siku hizi kopo la mkojo liko uvunguni.
4. Pima tena dakika ya 1 na ya 3 akiwa amesimama. Namba ya juu ikishuka 20 kuliko alipolala, au ya chini 10, daktari azione.
5. Usiku kichwa kiinuke. Sisi tumeweka tofali chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwani.

Mkuu, nipunguze dozi gani ya presha?
Umeona wapi nimeandika dozi? Peleka daftari kwa daktari.

Chumvi je, si inapandisha?
Inapandisha hata akilala, na wengine wakilala presha tayari iko juu. Muulize daktari kwanza.

Mama yangu akiamka yuko sawa, ila akishakula ugali mchana analegea. Ndiyo hiyo hiyo?
Umeangalia vizuri, dada. Mlo mkubwa wa wanga huvuta damu tumboni, na presha hushuka. Mgawie kidogo kidogo, asisimame haraka baada ya kula. Andika na saa.

Asante. Maji yanampalia, lakini uji anameza.
Kizito huteremka polepole, koo hupata muda. Aketi wima, na mtaalamu ampime kumeza. Jingine: maji ya kuoga pima kwa kiwiko chako. Mzee mguu wa kushoto hausikii moto, aliungua huku ananisimulia habari za sangara.