Kulala Usiku Mmoja Juu ya Mgongo wa Mahale: Anza na Maji

Ukitaka kulala kwenye nyasi za juu kule Mahale, milima iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, hema liache kwanza. Mambo mawili ndiyo yanayoamua safari nzima: kwenye mgongo wa mlima hakuna maji, na nyasi za kiangazi zinashika moto upesi. Ukishajipanga kwa hayo, yaliyobaki ni kufunga mizigo tu.

1. Chagua mwezi, kisha punguza tamaa

Kiangazi ni Mei hadi Oktoba. Mimi napendelea Juni na Julai: njia imekauka, lakini nyasi bado zina unyevunyevu kidogo. Kufikia Septemba moshi wa mioto ya porini hutanda ziwani, na milima ya upande wa Kongo huioni tena. Wakati wa mvua usiende. Njia inateleza, na radi ikianza, kwenye nyasi tupu kitu kirefu kuliko vyote ni wewe.

Kilele cha Nkungwe kina mita 2,462, na ziwa liko kwenye mita 770 hivi. Huo ni mwinuko wa karibu mita 1,700 ukiwa na mzigo mgongoni. Kwa usiku mmoja lenga mgongo wa chini yake. Kilele kitengee safari yenye siku zaidi.

2. Kibali na askari

Mahale ni hifadhi ya taifa tangu 1985, na ndani yake watu hutembea kwa miguu. Wasiliana na hifadhi mapema, na useme wazi kwamba unataka kulala juu, maana wengi huja kuona sokwe tu. Utapanda na askari mwenye silaha; huku kuna nyati na chui. Muulize kama anajitegemea kwa chakula na maji. Asipojitegemea, mhesabu kwenye mzigo wenu.

Mwenye mafua aahirishe safari, hata kama ameshalipa. Sokwe huambukizwa maradhi yetu ya kifua na huweza kufa.

3. Hesabu ya maji

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibikia. Mimi hupanga lita 5 kwa mtu mmoja kuanzia kijito cha mwisho: 2 za kupandia, 1 na nusu za jioni, 1 ya asubuhi, na nusu lita isiyoguswa mpaka mmeanza kushuka. Hizo ni kilo 5 mgongoni, kwa hiyo punguza nguo, si maji.

Muulize askari kijito cha mwisho kiko wapi *mwezi huu*. Kinachotiririka Mei kinaweza kuwa mawe matupu ifikapo Septemba. Mkifika hapo, kila mtu anywe mpaka atosheke, ndipo mjaze vyombo. Tia vidonge vya kutibu maji hapohapo, vifanye kazi mnapopanda. Tumia chupa kadhaa badala ya dumu moja, kwa sababu dumu likipasuka mmeishiwa wote.

4. Pa kulala

Usiweke hema juu kabisa kwenye uti wa mgongo. Upepo wa usiku utalipigapiga turubai mpaka alfajiri. Shuka hatua ishirini hivi upande usio na upepo, mlango uelekee bondeni. Epuka pia bonde dogo kati ya vilele viwili, maana upepo hupita hapo kama kwenye bomba.

Penye doa lililoungua mapema na kuota majani mafupi mabichi, ndipo pazuri, kwa kuwa moto hauna cha kula. Ila nyati nao hupenda majani hayo, basi askari akague kinyesi na nyayo kwanza. Halafu piga magoti utazame ardhi yenyewe: msafara wa siafu hauonekani ukiwa umesimama. Udongo wa juu mara nyingi ni mwembamba na wenye mawe; kigingi kikigoma kuingia, funga kamba kwenye jiwe.

5. Chakula bila moto

Kuni hapana. Ukilazimika kutumia jiko dogo, ng'oa nyasi zote mpaka uone udongo, mduara wa mita moja kila upande, na maji yawe karibu. Bora upike chini: chapati, mihogo ya kuchemsha, karanga, dagaa wa kukaanga kwa mawese. Dagaa usiwazidishie chumvi, watakumalizia maji. Chai itoke hukohuko chini ndani ya chupa. Taka zote zirudi nanyi.

6. Baridi na kupe

Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza nyuzijoto kama 6. Ufukweni utatokwa jasho, juu utatafuta sweta. Beba kofia ya sufu na mkeka mzito. Suruali ichomekwe ndani ya soksi, kupe wamo kwenye nyasi.

7. Saa

Kigoma jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Anza kupanda mara tu unapoona njia, na hema liwe limesimama saa tisa alasiri. Ikifika saa nane hamjafika, laleni mahali pazuri pa karibu ambapo askari amekubali.

Boti ya kurudi Kigoma usiipange siku ileile ya kushuka. Miezi hiyo upepo wa kusini huchafua ziwa, na nahodha mwenye akili hatoki.