Kusoma mwenendo wa magonjwa kwenye rejista ya wagonjwa wa nje

Kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya Tanzania), yaani rejista ya wagonjwa wa nje, wengi tunakifungua mwisho wa mwezi, tunajumlisha ripoti, tunakifunga. Jumla hiyo inachelewa: kuhara kunaweza kulipuka na kutulia kabla hujaiandika. Mimi nakisoma kila Jumatatu asubuhi, kwa kalamu na karatasi ya grafu.

1. Chagua magonjwa machache. Malaria, kuhara na kichomi yanatosha kuanzia.

2. Kubalianeni maana. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Tabibu mmoja anaandika "malaria" kwa kila homa, mwenzake anasubiri kipimo. Wakibadilishana zamu, mstari wa grafu unapanda au kushuka na mbu hawahusiki. Hesabu malaria iliyothibitishwa tu. Kuhara ni choo cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24.

3. Hesabu kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili. Ruka marudio (aliyerudi kwa ugonjwa ule ule), na walio chini ya miaka 5 wawe na safu yao.

4. Andika na waliopimwa. Wagonjwa 12 wa malaria kati ya 40 waliopimwa ni asilimia 30. 12 kati ya 20 ni asilimia 60, hiyo ni habari nyingine kabisa. Vipimo vikiisha stoo, andika "hakuna vipimo", usiandike sifuri. Sifuri ya namna hiyo nimeisikia ikipongezwa kikaoni.

5. Rudi kwenye safu ya makazi. Kuhara kukipanda, chora ramani ya eneo lako, piga nukta moja kwa kila mgonjwa kwenye kitongoji chake. Nukta zikirundikana sehemu moja, uliza wanachota maji wapi, na nani aliumwa kwanza. Mwaka 1929 ulipolipuka ugonjwa wa manjano huko Wensleydale, Uingereza, daktari wa vijijini William Pickles aliuliza hivyo hivyo: nani alikutana na nani, lini. Kwa majibu hayo akakadiria muda unaopita tangu mtu aambukizwe hadi dalili zitokee. Hakuwa na kompyuta.

6. Linganisha na wiki kama hiyo ya miaka iliyopita. Malaria kupanda baada ya masika si ajabu. Kupanda kuliko masika zote zilizopita ndiko kwa kushtukia.

7. Kipindupindu hakisubiri chati. Mtu mzima akiharisha maji matupu hadi kulegea, mpigie mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya siku hiyo hiyo, hata akiwa mgonjwa mmoja.

Majina yabaki kwenye rejista. Chati ya ukutani ni ya idadi tu, maana kitongojini kila mtu anamjua mwenzake.