Kuacha kazi bila kuacha kinyongo, hatua kwa hatua

Nimekaa dawati la utumishi hapa Dar es Salaam miaka 12, na barua za kuacha kazi nilizopokea siwezi kuzihesabu. Walioondoka vizuri hawakuwa wale wenye maneno matamu. Ni wale waliojua tarehe zao na waliokabidhi kazi ikakabidhika. Haya ninayoeleza ni ya sekta binafsi Tanzania Bara. Mtumishi wa umma ana taratibu zake.

Hatua ya 1: Soma mkataba kabla hujamwambia mtu

Utoe kabatini uangalie ni wa aina gani. Kama hauna ukomo, unatoa notisi unaondoka. Kama ni wa muda maalumu, mambo ni mengine: kanuni za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinasema mfanyakazi wa mkataba huo anajiuzulu pale tu mwajiri anapouvunja kwa kiwango kikubwa. Kama hajauvunja, mnakaa mnakubaliana. Kwa hiyo huendi na notisi, unakwenda na ombi. Wengi hawalijui hili, na maafisa utumishi wengine wamo, tusidanganyane.

Na kazi mpya iwe imesainiwa. Ahadi ya kwenye simu si mkataba. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hatua ya 2: Hesabu siku zako

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 41, inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au wiki, na siku 7 kama bado uko ndani ya mwezi wa kwanza. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Ukikabidhi barua tarehe 2 Juni, anza kuhesabu tarehe 3. Siku yako ya mwisho ni tarehe 30.

Mtego uko kwenye likizo. Nilipoacha kazi yangu ya kwanza nilijiona mjanja. Nilikuwa likizo ya siku 28, nikaituma barua kutoka nyumbani kwa wazazi, nikijua likizo ikiisha na notisi nayo imeisha. Nikarudi kuchukua cheti changu tu. Mama wa utumishi akanitazama juu ya miwani, akafungua kitabu cha sheria, akasema, "Mwanangu, notisi haitolewi ukiwa likizo, wala haviendi pamoja. Siku ya kwanza ni leo." Kazi mpya ilikuwa inaanza keshokutwa. Nilikwenda, na siku zote 28 zikakatwa kwenye malipo yangu ya mwisho. Alikuwa na haki.

Hatua ya 3: Bosi asikie kwako kwanza

Asisikie kwa dereva, wala kwenye kundi la WhatsApp. Mwone asubuhi, uso kwa uso, barua ikiwa tayari mkononi:

"Shikamoo mama. Naomba dakika kumi. Nimepata kazi kwingine na nimeamua kwenda. Sijamwambia mtu mwingine hapa ofisini."

Kisha nyamaza. Akikuuliza utalipwa kiasi gani huko, hulazimiki kusema. Kama shida yako ilikuwa mshahara, uliza nyongeza kabla ya barua. Barua ya kuvulia nyongeza mimi siipendi: hata ukibaki, kila mtu anajua begi lako lipo mlangoni.

Hatua ya 4: Barua iwe fupi

Sheria inataka maandishi, sababu na tarehe ya kutoa notisi. Inatosha hivi:

"Naandika kukujulisha kuwa naacha kazi ya uhasibu msaidizi kwa sababu nimepata ajira nyingine. Notisi hii ya siku 28 nimeitoa leo, 2 Juni 2025, na siku yangu ya mwisho kazini itakuwa 30 Juni 2025. Nitakabidhi kazi kwa yeyote utakayemteua. Nashukuru kwa muda niliofanya kazi hapa."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, uondoke nayo. Dukuduku zako usiziandike humo. Ila kama kuna anayekulazimisha kuandika barua hiyo, usiiandike. Huko si kuacha kazi, ni kuachishwa.

Hatua ya 5: Kabidhi

Hapa ndipo jina lako linapobaki au linapochafuka. Mtunza stoo mmoja alituachia daftari la kurasa nne. Funguo zote alizifunga kipande cha plasta chenye namba, na kila namba ina maelezo daftarini. Namba 6: "Kufuli la mlango wa nyuma. Linyanyue kidogo ndipo uzungushe." Akaandika msambazaji yupi huleta mzigo pungufu, na ankara zipi bado zina ubishi. Wakahesabu mzigo pamoja na mwenzake, wote wawili wakasaini. Alipoomba kazi kwingine na nikapigiwa simu kumwulizia, sikuhitaji kufikiri.

Wewe andika vivyo hivyo: kazi zilizoisha, zilizo njiani, na nani anasubiri nini. Rudisha laptopu, laini ya ofisi na kitambulisho, kila kimoja kwa saini.

Hatua ya 6: Stahiki zako

Unadai mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuchukua, na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka ni cha anayeachishwa na mwajiri; usigombane na mhasibu kwa hilo. Kama una mkopo wa saccos au benki unaokatwa kwenye mshahara, uliza salio kabla ya kuandika barua, maana makato yatasimama lakini deni halitasimama.

Wiki ya kwanza baada ya kuondoka simu itaita, atakuwa mwenzako aliyekaa kwenye kiti chako, hajui faili la kodi liko wapi. Pokea, mwambie. Akipiga mara ya tano kuuliza hilohilo, mwelekeze ukurasa wa daftari.