Jinsi ya Kuandika Barua ya Kumpendekeza Mfanyakazi Wako

Katika kazi yangu ya kushughulikia masuala ya watumishi jijini Dar es Salaam, nimesoma barua nyingi za mapendekezo zinazofanana kiasi kwamba ukibadilisha jina la mwombaji hakuna atakayegundua. Mwongozo huu ni kwa mkuu wa idara, au mwenye biashara ndogo, aliyeombwa barua hiyo na hajui aanzie wapi.

Kabla ya yote, usiichanganye barua hii na cheti cha utumishi, yaani hati inayothibitisha tu kwamba mtu alikuwa mfanyakazi wako. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe cheti hicho mfanyakazi ambaye ajira yake imekoma, hata kama mliachana kwa ugomvi. Barua ya mapendekezo ni hiari yako. Kama huna jema la kumsemea, mwambie mapema na kwa faragha atafute mdhamini mwingine, kwa sababu msomaji mzoefu huitambua barua iliyoandikwa shingo upande.

Hatua ya 1. Mwombe mhusika tangazo la kazi anayoiomba, wasifu wake wa sasa na tarehe ya mwisho ya kutuma maombi.

Hatua ya 2. Fungua faili lake. Tarehe ya kuajiriwa, vyeo alivyoshika na tarehe aliyoondoka vitoke kwenye nyaraka, si kichwani mwako, maana mwajiri mpya atavilinganisha na wasifu, na tofauti ya miezi michache tu inaweza kumfanya mwombaji aonekane mwongo.

Hatua ya 3. Tumia karatasi yenye nembo ya ofisi, weka kumbukumbu namba na tarehe, kisha mstari wa YAH: ukiwa na jina kamili la mfanyakazi kama lilivyo kwenye vyeti vyake. Ukimjua mpokeaji, mtaje kwa cheo. Usipomjua, "Kwa Yeyote Anayehusika" inatosha.

Hatua ya 4. Aya ya kwanza ieleze wewe ni nani kwake: ulimsimamia moja kwa moja au mlikuwa idara tofauti, na kwa muda gani.

Hatua ya 5 ndiyo barua yenyewe. Wengi huandika: "Ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye nidhamu." Maneno hayo hayana kosa, ila hayamwonyeshi mtu. Chukua mfano wa mtunza stoo, ambaye uaminifu wake unaweza kuelezwa hivi:

"Kila Ijumaa jioni alihesabu bidhaa zilizokuwa kwenye rafu na kuzilinganisha na leja. Katika miaka mitatu hesabu zilipishana mara mbili, na mara zote mbili yeye ndiye aliyeniletea taarifa kabla mkaguzi hajafika."

Neno "mwaminifu" halimo, wala halihitajiki. Matukio mawili ya namna hiyo yanatosha, mradi uliyaona mwenyewe na yanagusa kazi iliyotangazwa. Ukikosa hata moja, muulize mfanyakazi akukumbushe, kisha uhakikishe kwa waliokuwepo.

Hatua ya 6. Ondoa yasiyohusu utendaji: ugonjwa, ujauzito, dini, kabila, madeni yake na mambo ya nyumbani. Usiahidi pia kwamba "atafaulu popote", kwani hilo hulijui.

Hatua ya 7. Isome kwa sauti kabla ya kusaini, hasa kama umeanzia kwenye barua ya zamani. Niliwahi kumwandikia dada mmoja barua ya Kiingereza kwa kunakili ya mwenzake wa kiume, na katika aya ya tatu akabaki mwanamume. Kiswahili kingenisitiri, maana "yeye" haibagui jinsia, lakini Kiingereza kiliniumbua: aliyempigia simu kutoka kwa mwajiri mpya alimuuliza kama kweli barua ile ilikuwa yake.

Hatua ya 8. Saini, andika jina na cheo, gonga muhuri, na uweke namba ya simu ambayo kweli huwa unaipokea. Nakala ibaki kwenye faili, kwa sababu simu ya kuulizia inaweza kuingia miezi kadhaa baadaye ukiwa umeshasahau ulichoandika. Ikiingia, omba dakika chache, isome nakala yako, kisha umpigie aliyekuulizia.