SOMO: Kunasua trekta kwenye tope kwa winchi ya umeme (mashine ya kuvuta kwa kamba)

Wakuu, kila masika swali ni lilelile: "Trekta limezama, winchi ninayo, mbona haivuti?" Naandika mara moja, mtu akiuliza tena mpeni hili.

Nalima mpunga bonde la Kilombero. Trekta ni Massey Ferguson 290, winchi ni ya volti 12, uwezo wa kuvuta ratili 9,500 (kama tani 4.3).

1. Tairi likianza kuzunguka bure, simama. Ukikazana linalalia tumbo.
2. Fungua plau.
3. Chimbua tope nyuma ya matairi, trekta litoke kwa njia liliyoingilia.
4. Mnyororo ufungwe droba ya chini (chuma cha kuvutia, nyuma ya trekta), si kwenye toplinki (mkono wa juu wa kushikia plau).
5. Umeme. Hapa ndipo nilipoharibu. Pikapu, ambayo betri yake ndiyo inalisha winchi, niliiacha mbali, nikaunga waya za kubustia (za kuazimana chaji). Waya wa milimita za mraba 16, mita 4 kwenda na 4 kurudi, ukipitisha ampia 300 unameza volti 2.6 njiani. Winchi ikanguruma bila nguvu, ganda la waya likaanza kunuka na kulainika mkononi. Volti zikiwa chini, shaba za ndani ya solenoidi (swichi inayopeleka umeme kwenye mota ya winchi) hushikana kwa joto. Niliachia kitufe, ngoma (pipa linalokunja kamba) ikaendelea kuzunguka! Kijana wetu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye kamba ya chuma. Nilichomoa waya wa betri kwa mikono. Kwa hiyo: winchi ifungwe kwenye mti nchi kavu, pikapu isogee ubavuni, injini iwake, waya uwe milimita za mraba 50 usiozidi mita 2, na lazima pawe na swichi kubwa ya kukata betri. Altaneta (jenereta ya injini inayochaji betri) pekee haiwezi kulisha winchi, kazi inafanywa na betri.
6. Vuta nusu dakika, pumzisha, shika mota. Ikiunguza kiganja, subiri.

MASWALI

— Mkuu, nina waya wa nyumba wa 2.5, nikisokota mitatu pamoja?
Hapana. Soma namba 5.

— Si ungefunga gogo kwenye matairi ya nyuma litoke lenyewe? Babu zetu walifanya hivyo.
Na wengine walizikwa. Gogo likigoma, matairi hayazunguki, linalozunguka ni trekta lenyewe: pua inanyanyuka, linamlalia dereva. Usimshauri mtu hivyo.

— Kaka, kapi inasaidia kweli au ni kupoteza muda?
Swali zuri, dada. Kapi ikae kwenye trekta, ncha ya kamba irudi mtini: nguvu karibu mara mbili, mwendo nusu, na ampia zinashuka sana. Pia inakulazimisha kufungua kamba nyingi, na winchi huvuta vizuri zaidi kamba ikibaki safu ya kwanza. Acha mizunguko 5 kwenye ngoma. Katikati ya kamba tandika gunia lenye udongo, ikikatika lidondoke nayo.

— Kwetu mbugani hakuna mti.
Chimba handaki la mita moja na nusu, likae kukingama na uelekeo wa kuvuta. Laza gogo nene, zungushia mnyororo katikati, utoe kwa mfereji mwembamba wenye mteremko, fukia na ushindilie.

— Nyongeza: ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya moto, kisha paka grisi. Mimi ulinisumbua msimu mzima.
Asante mkuu, hilo nililisahau.