Namna ya kuandika kumbukumbu zako za Lightning Bolt

Shabiki wa Lightning Bolt anayetaka kuandika kumbukumbu zake hukutana na ugumu ambao shabiki wa bendi za viwanjani haujui. Kwa miaka mingi wanamuziki hawa wawili kutoka Providence, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, yaani Brian Gibson mwenye gitaa la besi na Brian Chippendale mwenye ngoma na sauti, waliliacha jukwaa tupu wakatandaza vyombo vyao sakafuni, umati ukawazunguka pande zote, na kila aliyekuwamo akaondoka na onyesho lake mwenyewe. Aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye ngoma aliona mikono na jasho, ilhali aliyekuwa nyuma aliona migongo ya wenzake na pengine kijiti kikipanda na kushuka juu ya vichwa. Sisi tuliokulia palipo na ngoma za uwanjani, ambako wapigaji na watazamaji hushirikiana duara moja, hatuoni ajabu yoyote katika mpangilio huo, lakini tunapoketi kuandika tunasahau na kuanza kueleza onyesho zima kana kwamba tulikuwa tumening'inia darini. Kumbukumbu za bendi hii ziandikwe kutoka pale miguu yako ilipokuwa, na mambo mengine yote ya mwongozo huu yanatokana na hilo.

Andika rasimu ya kwanza kabla ya kusikiliza albamu yoyote na kabla ya kutazama video yoyote. Ipo filamu ya mwaka 2002 iitwayo The Power of Salad, iliyowafuata wawili hawa katika ziara yao ya mwaka 2001, na mashabiki wengi tumeitazama kiasi kwamba picha zake zimehamia vichwani mwetu na kukaa humo kama mali yetu. Ukiitazama leo ili "kujikumbusha", kesho utaandika kilichoonwa na kamera. Chukua daftari, andika kila kinachokujia, hata kama ni vipande visivyoungana: harufu ya ukumbi, kiatu kilichokukanyaga, rangi ya taa, mtu aliyekushika bega usianguke. Usijali mpangilio. Ukimaliza, lifunge daftari na uliache lipumzike, kisha ndipo urudi na albamu pamoja na filamu, ukiandika nyongeza kwa kalamu ya rangi nyingine ili wewe mwenyewe ujue kipi kilitoka kwako na kipi ulikiokota baadaye.

Hatua inayofuata ndiyo inayostahili muda wako mwingi kuliko zote, nayo ni kueleza kile kidogo ulichokiona kwa karibu. Mimi nilikuwa nimebanwa ubavuni mwa seti ya ngoma, kiasi kwamba ukingo wa toazi ulikuwa usawa wa kiwiko changu, na nilichokiona kwa uhakika ni kinyago cha Chippendale na waya wake. Kinyago kilikuwa cha vitambaa vya rangi zisizopatana, vilivyoungwa kwa mshono wa mkono, na ndani yake, mbele ya mdomo, ilikaa maikrofoni iliyotokana na mkono wa simu ya mezani. Waya ulitokea chini ya kidevu, ukapita kifuani hadi sakafuni. Kwa kuwa mikono yote miwili ina vijiti na maikrofoni imo usoni, mwimbaji huyu hahitaji mhimili wala hahitaji kusogeza shingo, na ndiyo maana anaweza kupiga kwa kasi ile huku anapayuka. Sentensi chache za namna hiyo, zenye kitambaa, waya na sababu yake, zitamfaa msomaji ambaye hakuwapo kuliko kurasa mbili za kusema kwamba onyesho lilikuwa la ajabu. Kama ulichokiona wewe ni mgongo wa fulana iliyoloa ya mtu mrefu aliyekuziba, basi andika fulana hiyo.

Sauti ni ngumu zaidi, kwa sababu hapa maneno ya sifa huja yenyewe na hayasemi kitu. Njia ninayoipendekeza ni kueleza namna sauti inavyotengenezwa. Msomaji asiyeifahamu bendi hii atasikia rekodi zake na kuapa kwamba kuna gitaa la kawaida, na pengine mawili. Kumbe ni besi moja tu. Gibson huzikaza nyuzi za besi lake kama za selo (fidla kubwa), kila uzi ukipishana na wa jirani yake kwa noti tano za ngazi ya muziki badala ya nne za kawaida, na uzi wa juu kabisa ni mwembamba, wa banjo, ambao ndio unaotoa zile ngazi za juu zinazolia kama king'ora. Sauti hiyo hupitia pedali kadhaa, yaani visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti, zilizopangwa miguuni pake, kisha huingia kwenye rundo la amplifaya na spika. Ukishaeleza hayo, sema mwili wako ulipokea nini: je, besi uliisikia kwa masikio au kwa mbavu? Je, ngoma ya mguu ilikufikia kabla ya snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali?

Hapo hapo useme kama ulivaa vizibo vya masikio, na usilione jambo hilo kuwa dogo. Vizibo vya sponji hupunguza sauti za juu zaidi kuliko za chini, kwa hiyo mtu aliyevaa na mtu asiyevaa, hata wakisimama bega kwa bega, wanatoka na kumbukumbu mbili tofauti: mmoja atakumbuka ngurumo, mwingine atakumbuka matoazi na mlio uliobaki masikioni hadi alfajiri. (Vaa vizibo. Kumbukumbu nzuri haina haja ya kulipiwa kwa masikio.) Kuhusu maneno ya nyimbo, ushauri wangu ni mfupi: kupitia maikrofoni ile ya simu hayasikiki vizuri, basi usiyabuni. Eleza mdundo wa sauti yenyewe, mahali ilipopanda na mahali ilipokatika.

Bendi ya watu wawili humshawishi mwandishi kuwaandika kama kiumbe kimoja, na hapo nusu ya ukweli hupotea. Waandike kwanza kila mmoja peke yake. Gibson, kwa kadiri nilivyomwona, alisimama karibu bila kusogea, macho yakiwa kwenye mkono wake wa kushoto, utulivu wa fundi saa. Chippendale ndiye aliyetumia viungo vyote na kuwavuta watu. Baada ya hapo andika namna walivyokutana katikati: nani alitoa ishara ya kubadili mdundo, nani alimsubiri mwenzake, kimya kilikatwa na nani. Inafaa pia ukumbuke kwamba hawakuwa wawili tu wakati wote. Bendi ilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 miongoni mwa wanafunzi wa chuo cha sanaa cha Rhode Island School of Design, na mapema kabisa alikuwamo mwimbaji, Hisham Bharoocha, ambaye baadaye aliondoka na kujiunga na bendi ya Black Dice. Kwa maoni yangu kuondoka kwake ndiko kulikoifanya bendi iwe hii tunayoijua, kwani sauti ilibidi ihamie mdomoni mwa mpiga ngoma.

Tarehe zitakusumbua, hasa kama hukutunza tiketi, na kumbi ndogo nyingi hazikutoa tiketi bali mhuri tu mgongoni mwa mkono. Tumia albamu kama kalenda. Ya kwanza yenye jina la bendi ilitoka 1999, Ride the Skies 2001, Wonderful Rainbow 2003, Hypermagic Mountain 2005 na Earthly Delights 2009, zote chini ya lebo ya Load Records ya hukohuko Providence. Fantasy Empire ya 2015 na Sonic Citadel ya 2019 zilitolewa na lebo ya Thrill Jockey. Ukikumbuka kwamba ukumbi mzima ulilipuka ilipoanza "Dracula Mountain", na watu walikuwa wanaijua kwa moyo, basi yaelekea ulikuwa baada ya 2003, maana wimbo huo umo katika Wonderful Rainbow. Lakini tahadhari: bendi huzipiga nyimbo ukumbini kabla ya kuzirekodi, kwa hiyo kuusikia wimbo pekee si ushahidi, bali namna watu walivyoupokea ndiyo inayosaidia. Kidokezo kingine ni jukwaa lenyewe. Miaka ya baadaye, umati ulipozidi kuwa mkubwa, walicheza jukwaani mara nyingi zaidi, na kumbukumbu yenye jukwaa ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya kipindi hicho. Ukishindwa kabisa, andika "kati ya mwaka huu na ule" na usonge mbele.

Kisha kuna suala la Fort Thunder, ambalo huwaponza waandishi wengi. Hili lilikuwa ghala katika jengo la zamani la kiwanda cha nguo, mtaa wa Olneyville mjini Providence, ambako kuanzia 1995 hadi 2001 waliishi na kufanya kazi wachoraji na wanamuziki, Chippendale na mchoraji Mat Brinkman wakiwa waanzilishi wake. Kuta zilijaa vitu vilivyookotwa, na humo zilichorwa katuni, zikachapwa mabango kwa skrini (wino ukisukumwa kupitia kitambaa chembamba), zikafanyika pia maonyesho ya muziki. Wakazi walitolewa, na jengo likabomolewa kupisha maduka na maegesho ya magari. Kwa kuwa habari zake zimeandikwa sana, shabiki aliyeijua bendi mwaka 2009 akiwa mji mwingine kabisa huona kumbukumbu yake haijakamilika bila aya ya Fort Thunder yenye sauti ya mtu aliyekuwapo. Kama hukuwapo, sentensi mbili za historia zinatosha. Onyesho lako katika chumba cha chini cha nyumba ya wanafunzi, mabomba ya maji yakiwa juu ya vichwa, lina thamani yake, na huenda wewe ndiye pekee utakayeliandika, wakati Fort Thunder ina waandishi wake tayari.

Ulivyonavyo mkononi vielezwe kama vitu, kwa ukubwa na hali yake. Bango lililochapwa kwa skrini lina alama zake: wino mzito unaohisiwa kwa kidole, rangi iliyohama kidogo kutoka kwenye mstari wake, tundu za pini pembeni. Lipige picha mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ya mabango mengi kuna namba za simu, hesabu za mafuta ya gari na majina, na majina hayo ya watu binafsi yazibwe kabla hujamwonyesha yeyote. Wenzako uliokwenda nao pia hawakuomba kuwa wahusika. Wataje kwa uhusiano, kwa mfano "binamu yangu" au "jamaa niliyekuwa nikiishi naye", isipokuwa wamekubali wenyewe kutajwa.

Rasimu ikiwa tayari, mtafute mtu mmoja aliyekuwa katika ukumbi uleule usiku uleule, ikiwezekana upande wa pili wa duara, umsomee. Atakupinga. Atasema ngoma zilikuwa karibu na mlango, wewe unasema zilikuwa karibu na baa. Atasema walipiga kwa muda usiofika saa nzima, wewe unasema ilizidi. Usisuluhishe mambo hayo kwa kuchukua wastani, wala usifute la kwako kwa heshima yake. Andika la kwako katika matini, na la kwake liweke pembezoni au katika aya ya mwisho pamoja na mahali alipokuwa amesimama.