Kukagua machapisho na manukuu ya mtafiti wa seli T, hatua kwa hatua

Hesabu ya manukuu ya mtafiti, yaani mara ambazo makala zake zimetajwa katika marejeleo ya makala nyingine, haiwezi kuwa sahihi kuliko orodha ya makala iliyotumika kuihesabu. Ukiingiza makala za mtu mwingine mwenye jina linalofanana, au ukiacha makala moja kubwa ya zamani, hakuna fomula itakayokuokoa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu orodha. Kuhesabu kwenyewe ni kazi ya dakika chache.

Mfano wetu ni Shimon Sakaguchi, mtafiti wa Japani aliyeonyesha kwamba zipo seli T (seli T ni aina ya seli nyeupe za kinga) ambazo kazi yake ni kuzizuia seli T nyingine zisiushambulie mwili wenyewe. Hizo huitwa seli T za udhibiti, kwa Kiingereza regulatory T cells au Treg. Mwaka 2025 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell. Rekodi yake inafaa kujifunzia kwa sababu mitego mingi utakayokutana nayo kwa watafiti wengine imo humo.

Unahitaji intaneti, Excel au LibreOffice Calc, na kanzidata nne za bure: PubMed, ORCID, Google Scholar na iCite. Scopus na Web of Science hulipiwa na taasisi, kwa hiyo ulizia kwanza maktaba ya chuo chako.

Hatua ya 1: Hakikisha ni nani

Tafuta namba ya ORCID ya mtafiti, yaani namba ya utambulisho ambayo ni yake peke yake. Ina herufi 16 katika mafungu manne. Zote ni tarakimu isipokuwa ya mwisho, ambayo inaweza kuwa X. Ukiipata, iweke kwenye PubMed, kanzidata ya makala za tiba na biolojia, hivi, ukibadilisha namba:

0000-0000-0000-0000[auid]

Usiishie hapo. ORCID ilianza mwaka 2012 na wasifu hujazwa na mwenyewe, kwa hiyo wasifu mtupu si ushahidi kwamba mtu hajachapisha. Makala za zamani nyingi hazina namba hiyo kabisa.

Andika kando kila namna ambavyo jina lake limewahi kuchapishwa, na taasisi alizofanyia kazi kwa mfuatano wa miaka. Kwa Sakaguchi utaandika, pamoja na nyingine, Tokyo, kisha Chuo Kikuu cha Kyoto, kisha Chuo Kikuu cha Osaka. Kwa watafiti wa kwetu hatua hii ni muhimu maradufu: mtu mwenye majina matatu, lake, la baba na la babu, anaweza kuorodheshwa leo kwa jina la babu na kesho kwa jina la baba, na kanzidata ikamhesabu kuwa watu wawili. Anayeanza utafiti achague namna moja ya kuandika jina lake na asiibadilishe.

Hatua ya 2: Tafuta PubMed, ukijua rekodi za zamani zina nini

Anza na jina pekee: Sakaguchi S[au]. Utapata rundo la watu tofauti wenye kifupisho hicho, akiwemo mtafiti wa prioni asiyehusika na seli T. Wengi hapo hukimbilia jina kamili, yaani Sakaguchi, Shimon[fau], na orodha huonekana safi sana. Tatizo ni kwamba PubMed ilianza kuweka majina kamili ya waandishi kwenye makala za mwaka 2002 na kuendelea. Makala yake ya 1995 katika The Journal of Immunology, ile iliyozitambulisha seli hizi kwa alama ya CD25, protini iliyo juu ya seli, huachwa nje. Yaani umeondoa msingi wa kazi yake yote kwa kutaka usafi.

Kuchuja kwa taasisi, yaani [ad], nako kuna shimo. Rekodi za 1988 hadi 2013 kwa kawaida zina anwani ya mwandishi wa kwanza tu. Ni kuanzia 2014 ndipo anwani za waandishi wote zilipoanza kuwekwa. Katika imunolojia mkuu wa maabara huandikwa mwisho. Ukimtafuta kwa anwani, utakosa makala za miaka yake bora kwa sababu tu mwanafunzi wake aliyeandikwa kwanza alikuwa na anwani nyingine.

Njia inayofanya kazi ni kifupisho cha jina pamoja na mada:

Sakaguchi S[au] AND ("T-Lymphocytes"[mh] OR CD25[tiab] OR Foxp3[tiab] OR Treg[tiab])

Alama ya [mh] huchukua istilahi za MeSH, yaani maneno rasmi ya mada ambayo PubMed huziwekea makala, pamoja na matawi yake, kwa hiyo seli CD4, CD8 na zile za udhibiti zimo. Maneno yenye [tiab] hutafutwa kwenye kichwa na muhtasari, nayo hudaka makala mpya ambazo bado hazijawekewa MeSH.

Usitegemee neno moja la mada. Kichwa cha makala ile ya 1995 kinazungumzia seli T zilizoamshwa zenye CD25; neno regulatory halimo. Makala ya Brunkow na wenzake ya 2001 katika Nature Genetics, iliyoonyesha jeni iliyoharibika kwa panya wa aina ya scurfy, inaiita protini ya jeni hiyo scurfin kwenye kichwa chake. Leo tunaiita Foxp3. Kwa makala za miaka ya 1970 na 1980 ongeza neno suppressor, maana ndivyo seli T zinazozuia zilivyoitwa wakati huo.

Ukimaliza bofya Save, chagua matokeo yote, kisha umbo la PMID, yaani namba ya kila makala katika PubMed. Hifadhi pia maneno uliyotumia kutafuta kama yalivyo, pamoja na mabano yake.

Hatua ya 3: Safisha orodha kwa mkono

Fungua jedwali, mstari mmoja kwa kila makala, lenye safu za PMID, DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni), mwaka, jarida, nafasi ya mwandishi, aina ya makala, na maelezo. Pitia mstari kwa mstari. Makala yenye shaka ipime kwa waandishi wenza: Sakaguchi akiwa na Hori na Nomura katika Science ya 2003, kuhusu Foxp3, hakuna wasiwasi. Usishtuke pia kuona Sakaguchi wawili kwenye makala ya 1995. Wa pili ni Noriko, mtafiti mwenzake na mkewe, na hiyo ni makala moja, usiihesabu mara mbili.

Safu ya aina ya makala ndiyo inayobadilisha picha kuliko zote. Tenganisha utafiti halisi na makala za mapitio. Sakaguchi na wenzake walichapisha mapitio katika Cell mwaka 2008 ambayo yamenukuliwa mno, na hiyo ni kawaida, kwa sababu anayeandika utangulizi hupenda kunukuu mapitio kuliko majaribio kumi ya asili. Ukichanganya, unaweza kudhani mtu amegundua mengi kumbe ameeleza vizuri yaliyogunduliwa. Zote mbili ni kazi za heshima, ila hazipimwi kwa kipimo kimoja.

Jihadhari zaidi na makala za waandishi mamia. Mwongozo wa flow cytometry, mbinu ya kutambua na kuhesabu seli moja moja, wa European Journal of Immunology, uliotoka 2017, 2019 na 2021, una waandishi wengi kiasi hicho, na kila mmoja wao hubeba manukuu yote kwenye wasifu wake. Mtafiti kijana wa seli T mwenye rekodi inayopaa ghafla mwaka 2018, mwangalie hapo kwanza. Ziweke kwenye kundi lake, usizifute.

Yaliyobaki ni mepesi. Rasimu iliyowekwa bioRxiv, hifadhi ya mtandaoni ya rasimu, na makala yake ya jarida ni kazi moja, ziunganishe. Masahihisho si makala mpya. Angalia pia makala zilizofutwa na majarida: PubMed huziwekea alama, na kanzidata ya Retraction Watch, iliyo mikononi mwa Crossref, shirika linalosajili DOI, tangu 2023, ni ya bure. Makala iliyofutwa huendelea kunukuliwa kwa miaka, kwa hiyo usiiache ichangie jumla yako kimyakimya.

Hatua ya 4: Chukua idadi ya manukuu

Chagua chanzo kimoja na uchukue namba zote siku moja. Google Scholar hutoa namba kubwa kuliko wengine kwa sababu huhesabu tasnifu, vitabu na rasimu. Scopus na Web of Science huhesabu kutoka majarida na vyanzo walivyovichagua, na Web of Science hutegemea pia miaka ambayo taasisi yako imelipia. Kitufe cha "Cited by" cha PubMed hutoa namba ndogo, kwani huona tu makala ambazo orodha zake za marejeleo zimeifikia PubMed. Kuchukua nusu huku na nusu kule ni kuharibu kazi yote.

Kwenye Scholar, alama ya nyota kando ya idadi ina maana kwamba huenda manukuu ya matoleo yaliyounganishwa si ya makala hiyo. Bofya uhakikishe.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya fahirisi h

Fahirisi hii ilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Panga makala kuanzia yenye manukuu mengi, kisha shuka mpaka nafasi ya makala ipite idadi ya manukuu yake. Tuseme manukuu ni 48, 31, 22, 9, 7, 6, 5, 2. Makala ya sita ina manukuu 6, imetosha. Ya saba ina 5, haitoshi. Basi h ni 6. Fahirisi i10 ya Scholar, yaani makala zenye manukuu 10 au zaidi, hapo ni 3.

Piga hesabu mara mbili, kwa makala zote na kwa utafiti halisi peke yake. Usilinganishe h ya mtu wa miaka 30 kazini na ya mtu wa miaka 8, kwani namba hii huongezeka hata kwa mtu aliyeacha kuchapisha.

Hatua ya 6: Linganisha na uwanja

Bandika orodha ya PMID kwenye iCite, ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Itakupa RCR ya kila makala, yaani kasi ya manukuu yake ikilinganishwa na uwanja wake: 1.0 ni sawa na makala ya katikati (median) kati ya zilizofadhiliwa na taasisi hizo katika uwanja huo, 2.0 ni mara mbili yake. Makala za karibuni namba zake bado hucheza, zisitumie kumhukumu mtu. Kwa seli T ninaipenda zaidi sehemu ya Translation, inayoonyesha kama kazi imeegemea panya au binadamu, na kama makala za kliniki zimeinukuu.

Hatua ya 7: Soma wanaonukuu

Chukua makala tatu muhimu za mtafiti, na kwa kila moja fungua makala 20 zinazoinukuu, za miaka tofauti. Tafuta sentensi yenyewe ya nukuu, kisha iweke katika moja ya makundi manne: imetajwa kwenye utangulizi tu, mbinu imetumika, matokeo yamerudiwa, au yamepingwa.

Kwa kazi za Foxp3 hapa ndipo ujuzi wa somo unapohitajika. Kwa binadamu, seli T za kawaida zikiamshwa zinaweza kuonyesha Foxp3 kwa muda bila kuwa na uwezo wa kuzuia. Anayenukuu makala ya 2003, ambayo ilifanywa kwa panya, ili kuita kila seli ya binadamu yenye Foxp3 kuwa seli ya udhibiti, hajathibitisha kitu kuhusu utendaji wa seli hiyo. Tafuta kwenye sehemu ya mbinu jaribio la kuzuia, yaani seli hizo kuwekwa pamoja na seli T nyingine na kupima kama zile nyingine zimepungua kugawanyika. Lisipokuwepo, nukuu hiyo iweke kundi la utangulizi, hata kama imeandikwa kwenye matokeo.

Kwenye ripoti, kila namba iambatane na chanzo chake, tarehe iliyochukuliwa, maneno ya utafutaji, na idadi ya makala ulizoondoa pamoja na sababu. Faili la PMID liambatanishwe, ili atakayekagua mwakani aongeze makala mpya tu bila kuanza upya.